Tone Lililomzidi Ndege

Leo nina neno na wewe uliyetundika tundu la ndege barazani au dirishani, ndani yake mna wale kasuku wadogo wa kijani, wa njano au wa samawati tunaowaita baji. Hata kama huna ndege, kaa nami. Maneno ya leo ni ya dawa na kipimo chake, na hayo yanamhusu kila mwenye nyumba yenye mtoto, mbuzi au kuku.

Nianze na ndege wangu mwenyewe. Alikuwa jike wa kijani, watoto wakamwita Zumaridi. Nilimnunua hapa Tanga, akitolewa kwenye tundu moja na wenzake zaidi ya kumi, wamesongamana hata hapakuwa na nafasi ya kukunjua bawa. Miezi mitatu ya kwanza hakuwa na neno. Alikula vizuri, na kila alfajiri alianza kupiga kelele zake mara tu muadhini anapomaliza, kana kwamba alikuwa akingoja zamu yake.

Mwezi wa nne nikaona kitu cheupe kwenye pembe ya mdomo wake. Nilidhani ni unga wa sembe, kwa kuwa watoto walikuwa wakimpa makombo. Nikalowesha kitambaa nikafuta. Hakikutoka. Wiki tatu baadaye ule unga ulikuwa umekuwa gamba, limeanza pembeni mwa mdomo likapanda hadi kwenye ngozi ya pua. Nilimsogeza dirishani, jua likimpiga ubavuni, nikaona gamba lile lina vitundu vidogo vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki lililokauka.

Nikaenda duka la dawa za mifugo. Kijana wa pale akaniuliza, "Mama, ana upele?" Nikamwambia naona hivyo. Akanitolea chupa akasema, "Hii ndiyo kiboko yao. Ng'ombe, mbuzi, mbwa, hata kuku. Wewe mtonee tone moja tu shingoni." Tone moja. Nani angeliogopa tone moja? Nilirudi nyumbani, nikamfunga Zumaridi ndani ya ncha ya kanga, nikafunua manyoya ya shingo, nikadondosha. Jioni alikuwa amejikunyata chini ya tundu, manyoya yamemsimama, macho nusu yamefumba. Kila akijaribu kupanda kijiti chake anaanguka. Alfajiri muadhini aliadhini akamaliza, na barazani kukawa kimya.

Msikilizaji, wale wadudu wangemchukua miezi mingi kumdhoofisha. Mimi nilimmaliza kwa usiku mmoja. Kijana wa dukani simtupii lawama peke yake, maana alinijibu nilichomuuliza, na wala sisi wawili hakuna aliyeuliza swali lililopaswa kuulizwa kwanza: huyu ndege ana uzito gani?

Basi hesabu ambayo sikuifanya siku ile tuifanye leo pamoja. Dawa ile inaitwa ivermectini. Chupa inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi mara nyingi huandikwa asilimia 1, maana yake kila mililita ina miligramu 10 za dawa. Kwa ng'ombe, kipimo kilichoandikwa ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Ndama wa kilo 50 anapata mililita 1, na inamtosha.

Sasa mtazame baji. Baji mzima ana gramu 30 hadi 40. Hafikii hata yai la kuku wa kienyeji lililonona. Tuseme ana gramu 35. Ukigawa kilo 50 kwa gramu 35 unapata zaidi ya 1,400. Kwa maneno mengine, mililita ile moja inayomtosha ndama mmoja, ingewatosha baji zaidi ya 1,400. Na mililita moja ni kama matone 20. Kwa hiyo tone moja, lile tone ambalo nani angeliogopa, ni dawa ya ndege 70. Nami nililimimina lote kwenye shingo ya mmoja.

Dawa yenyewe haina hatia, na ningependa uifahamu vizuri kabla hujaichukia. Mzizi wake ulitoka kwenye udongo wa Japani, ambako mtaalamu Satoshi Ōmura aliwatenga vijidudu wanaoutengeneza. Mwenzake William Campbell, mzaliwa wa Ayalandi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akaonyesha jinsi inavyoua minyoo na wadudu wa mifugo. Mwaka 2015 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Watu wa Mahenge, wa Tukuyu, na hata wa milima yetu ya Usambara wanaijua dawa hii kwa mlango mwingine, kwa kuwa ndiyo waliyokuwa wakimezeshwa kila mwaka kupambana na usubi, ule ugonjwa unaopofusha. Tangu mwaka 1987 hutolewa bure kwa kazi hiyo.

Na hapo ndipo pana somo. Mgawa dawa wa kijijini hajazi vidonge kiganjani mwa mtu kwa kukisia. Anamsimamisha kwanza kwenye fimbo ya kupimia urefu, anaangalia kichwa kimefika alama gani, ndipo anahesabu: huyu kidonge kimoja, huyu viwili, huyu vitatu, huyu vinne. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi kabisa. Ikiwa binadamu mzima anapimwa kabla ya kumezeshwa dawa hii, vipi ndege wa gramu 35 adondoshewe kwa macho?

Sasa nikujulishe mdudu mwenyewe, maana adui usiyemjua humpigi. Wataalamu wanamwita Knemidocoptes pilae. Ni mdogo, hafikii nusu milimita, kwa hiyo usijisumbue kumtafuta kwa macho. Mzima wake ana miguu minane kama kupe, na kwa tabia ni jamaa wa yule anayewaletea binadamu upele. Anachimba. Anaingia kwenye tabaka gumu la ngozi pale pasipo na manyoya: pembe za mdomo, ngozi ya pua, kuzunguka macho, miguu, na wakati mwingine sehemu ya haja. Vile vitundu vya sega la nyuki nilivyoviona juani ni milango ya mapango yake.

Huyu haishi kwenye tundu, wala kwenye kijiti, wala kwenye chombo cha maji. Maisha yake yote, ambayo huchukua kama wiki tatu hadi awe mzima, yako juu ya ndege. Kwa kawaida kifaranga humpata kiotani kutoka kwa mama yake, siku zile ambapo bado hana manyoya. Kisha mdudu anaweza kukaa kimya miezi mingi, akingoja ndege adhoofike: amehamishwa nyumba, amekosa chakula bora, ameingiliwa na baridi, au amebanwa kwenye tundu la sokoni. Ndiyo maana Zumaridi alikaa kwangu miezi mitatu bila alama. Alikuja naye.

Usipomtibu, gamba linakua, mdomo unapinda na kurefuka, mwisho ndege hawezi kumenya mbegu. Miguu inavimba magamba, kucha zinakwenda upande. Lakini ukimwahi anapona, na hilo ndilo ninalotaka ulishike. Huu ni ugonjwa unaopona.

Najua kwa sababu miaka miwili baadaye nilipata wa pili, dume wa samawati, na ule unga mweupe ukarudi. Mara hii nilimtia kwenye tundu dogo, nikamfunika kitambaa, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Jambo la kwanza alilofanya daktari halikuwa kugusa dawa. Alitoa mizani ndogo ya jikoni, akaweka juu yake bakuli la plastiki, akairudisha kwenye sifuri, akamweka ndege ndani na kufunika kwa kiganja. "Gramu 34, mama," akasema, akaandika. Kisha akakwangua kidogo sana ukingo wa gamba, akaweka kwenye kioo, akatazama kwa hadubini. Akaniita nitazame. Niliona mviringo uliokaa kama puto, na miguu mifupi inayotapatapa. Nilielewa siku ile kwamba nilikuwa nimepigana na kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Baada ya hapo akafanya hesabu kwenye karatasi. Kipimo alichotumia kilikuwa mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, na kwa ndege wa gramu 34 hiyo ni chini ya mikrogramu 7. Dawa akaizimua kwanza, kwa sababu kiasi hicho kikitoka kwenye chupa ya ng'ombe ni kidogo kuliko ambacho bomba la kawaida la sindano linaweza kupima. Akamtonea ile iliyozimuliwa kwenye ngozi ya shingo. Sindano hakutaka, akaniambia ndege wadogo namna hii wamewahi kufa kwa kudungwa dawa hii. Akaniagiza nirudi baada ya siku 14, na tena baada ya siku 14 nyingine.

Watu wengi wanakosea hapo pa kurudi. Dozi ya kwanza inawaua wadudu wengi, gamba linaanza kulegea, ndege anachangamka, na mwenye ndege anaona mambo yamekwisha. Lakini ndani ya mapango kuna waliosalia, na wiki mbili baadaye wanakuwa wazima wa kuzaa. Dozi ya pili na ya tatu ni za hao. Tena watibiwe ndege wote wa tundu moja, hata asiye na alama, maana kimya cha huyu mdudu si ushahidi kwamba hayupo.

Gamba usilibandue. Ndege wa gramu 35 ana damu kama mililita 3 na nusu tu mwilini mwake mote, haijazi kijiko cha chai. Akipoteza matone saba tayari yuko hatarini. Acha gamba lianguke lenyewe dawa inapofanya kazi. Ukitaka kulilainisha, paka mafuta mazito ya mgando, yale ya kupaka mtoto yasiyo na manukato, kwa ncha ya pamba, utando mwembamba juu ya gamba peke yake. Yasifike kwenye matundu ya pua wala kwenye manyoya, kwa kuwa manyoya yaliyoloa mafuta hayamhifadhi tena ndege na baridi.

Na hapa nisikilize vizuri wewe uliyelelewa na bibi mwenye kuku. Sote tumeona kuku mwenye miguu ya magamba akitumbukizwa miguu kwenye mafuta ya taa, au akipakwa oili chafu ya gari. Kwa baji usithubutu. Ndege huyu huchambua manyoya yake kwa mdomo mchana kutwa, na kila unachompaka nje kitakuwa tumboni kabla ya magharibi, mvuke wake umeshaingia mapafuni. Ndugu zangu wa Kenya mnaoyaita mafuta ya taa parafini, muwe waangalifu zaidi. Ukiambiwa kuna parafini ya famasi inayotumika kwenye ngozi, si ile ya kwenye kibatari.

Sasa kuna adui wa pili, na huyu hafanani na wa kwanza. Wafugaji wa kuku wanamjua kwa jina: utitiri. Huyu hakai juu ya ndege. Mchana amejificha kwenye viungio vya tundu, kwenye nyufa za mbao, kwenye ncha za vijiti pale vinapogusa waya. Usiku unapoingia anatoka, anapanda, ananyonya damu, anarudi mafichoni kabla hakujapambazuka. Ukimtazama ndege mchana unaona manyoya yamevurugika na uchovu tu. Usiku ndipo unamsikia anahangaika, anajikuna, anarukaruka gizani. Vifaranga kiotani wanaweza kufa kwa kuishiwa damu.

Kumgundua hakuhitaji hadubini. Jioni funika tundu kwa kitambaa cheupe kilichofika hadi chini. Usiku wa manane, au alfajiri kabla ya mwanga, kifunue na ukimulike kwa tochi upande wa ndani. Ukiona vidoa vinavyotembea, vyekundu au vyeusi, vidogo kama punje ya chumvi, vifinye kwa karatasi nyeupe. Vikiacha mstari wa damu, umempata.

Huyu anatibiwa kwenye nyumba yake kabla ya kitu kingine. Mhamishe ndege kwenye tundu safi, liwe chumba kingine. La zamani litoe nje, lisugue kwa sabuni na brashi ya meno kwenye kila kiungio, limwagie maji yanayochemka, kisha lianike juani siku nzima. Vijiti vya mbao vyenye nyufa na kiota cha mbao vichome, kwani gharama yake ni ndogo kuliko kulea adui. Baada ya wiki moja rudia yote, maana mayai yaliyookoka yatakuwa yameanguliwa: kwenye joto kizazi kizima cha utitiri hukamilika kwa siku saba hivi. Usidhani kwamba ukiliacha tundu tupu watakufa njaa upesi. Utitiri huvumilia miezi mingi bila kula.

Halafu jiulize wametoka wapi. Inua macho utazame paa. Shomoro wana kiota kwenye makuti juu ya tundu? Banda la kuku limeegemea ukuta huohuo? Njiwa wanalala dirishani? Utitiri hutembea kutoka kwa ndege hadi kwa ndege, na usiposogeza tundu, kazi yako yote ni kuteka maji kwa pakacha. Binadamu naye anaweza kuumwa na utitiri akawashwa mikono, lakini hawaishi kwetu. Na yule mchimbaji wa kwanza, wa sega la nyuki, hahamii kwa mtu. Watoto wasimwogope ndege. Wanawe mikono tu, kama siku zote.

Sasa nitulize wale ambao tayari wameamka kwenda kumkamata ndege wao kwa sababu anajikuna. Si kila mwasho ni mdudu. Baji hubadilisha manyoya, na mara ya kwanza huwa akiwa na miezi mitatu au minne, pale mistari myeusi ya paji la uso inapotoweka. Manyoya mapya yanachomoza kama vijiba, na yanawasha. Mpe sahani ya maji ya vuguvugu aoge, au mtundikie majani ya mchicha yaliyolowa, atajisugua humo kwa furaha. Wiki mbili tatu yamekwisha.

Ngozi kavu yenye kupauka mara nyingi hutokana na sahani ya chakula. Ndege anayekula mbegu peke yake mwaka mzima hukosa vitamini A, na ngozi yake na koo lake hudhoofika, mlango unabaki wazi kwa kila maradhi. Mbegu zake za uwele na ulezi azipate, pamoja na mchicha, karoti iliyokwaruzwa na boga. Parachichi asipewe hata kidogo, kwa baji ni sumu.

Yupo pia anayejinyonyoa mwenyewe kwa upweke. Kwao Australia ndege hawa huruka kwa makundi ya maelfu wakitafuta maji kwenye nchi kavu. Aliyefungiwa peke yake mwaka hadi mwaka, nyumba nzima iko kazini na shuleni, humalizia dhiki yake kwenye manyoya ya kifua. Ishara ni hii: kichwa chake kizima, kwa sababu mdomo haufiki huko, na kifua kitupu. Huyo hana haja ya tone lolote. Anahitaji mwenzake.

Jike naye akiingia wakati wa kutaga, ngozi ya pua yake huwa ya kahawia, nene na yenye mikunjo. Wengi huiona wakasema upele. Tofauti ni kwamba haina vile vitundu, wala unga pembeni mwa mdomo. Lakini dume ambaye pua yake ya buluu inageuka kahawia mpeleke kwa daktari, kwani mara nyingi ni dalili ya uvimbe tumboni.

Nimefika kwenye jambo linalonigusa zaidi, kwa sababu lipo kwenye nyumba nzuri za watu wema. Mwenye ndege akiona mwasho, anatundika nafthalini kwenye tundu ili kufukuza wadudu. Au anapulizia dawa ya mbu. Au anachoma koili chini ya baraza. Na sisi wa pwani tuna udi wetu na ubani wetu, Alhamisi jioni nyumba inafukizwa hadi mapazia yanashika harufu. Ndege hapumui kama sisi. Mbali na mapafu ana vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, na hewa hupita mapafuni mwake kwa mkondo mmoja, mwili wake ukiifyonza kwa nguvu kuliko wa binadamu. Uwezo huo ndio unaomwezesha kuruka, nao huohuo unafanya moshi mdogo kwako uwe mwingi kwake. Nafthalini inamtia sumu siku baada ya siku, na utitiri hauiogopi. Hata kikaango kisichoshika chakula, kikiachwa motoni kikaungua, hutoa mvuke unaoua kasuku ndani ya dakika chache. Sisemi uache udi wako. Mtoe ndege kwanza, afungiwe chumba cha mbali chenye upepo, hewa ikitakata umrudishe.

Kinga basi ni nini? Ndege mpya akae peke yake siku 30, chumba kingine, vyombo vyake mwenyewe, na mikono inawe kabla ya kwenda kwa wale wa zamani. Mwenye subira ya siku 30 anaweza kujiepusha na miezi ya matibabu. Tundu liwe la waya, lenye viungio vichache, karatasi ya chini ibadilishwe kila siku. Na ununue mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mpime ndege kila Ijumaa, uandike kwenye daftari. Ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa kwanza. Manyoya yanafunika ukondefu, macho yako hayaoni, lakini mizani haifichwi. Akipungua gramu tatu au nne bila sababu, hiyo ni sehemu ya kumi ya mwili wake, na ni siku ya kwenda kwa daktari.

Kuna watakaosema, daktari wa mifugo wa kwetu ni wa ng'ombe, baji atamjulia wapi? Madaktari wetu wanatoka vyuo vya Sokoine kule Morogoro, Kabete kule Nairobi, Makerere kule Kampala, na wote wamesomea kuku. Kuku ni ndege. Ukimpelekea baji wako pamoja na daftari lenye uzito wake wa wiki nane, tarehe uliyoona unga wa kwanza, na picha ya gamba kwenye simu, umempa nusu ya jibu. Na ninyi wauzaji wa dawa za mifugo, wanangu, nawaomba neno moja. Mtu akija kuuliza dawa ya ndege, msianze na chupa. Muulizeni uzito. Akikosa jibu, mwambieni akapime kwanza. Mteja huyo hamjampoteza, atarudi, na ndege wake atakuwa hai.

Dume wangu wa samawati alikwenda mara tatu kwa daktari, siku 14 kwa siku 14. Gamba la mwisho lilianguka lenyewe kwenye karatasi ya chini ya tundu wiki ya sita, kipande kikavu kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Mdomo ulibaki na kovu upande mmoja, lakini anamenya mbegu zake bila taabu. Ijumaa iliyopita alikuwa gramu 36.

Msikilizaji wangu, ukizima redio sogea kwenye tundu lako. Tazama pembe za mdomo, tazama miguu, tazama sehemu isiyo na manyoya, jua likiwa ubavuni. Ukiona unga mweupe usiofutika, usiogope wala usikimbilie chupa. Mpime ndege, andika uzito wake, mpeleke kwa daktari. Na dawa ya ng'ombe iache kabatini, iwe ya ng'ombe.